Nambari za Ukuta wa Sebule

Wazazi wangu walijenga nyumba yao upande wa Lanet baada ya Baba kustaafu kazi ya kuendesha malori. Ni nyumba ya mawe, vyumba vitatu vya kulala na sebule kubwa kuliko vyote, kwa sababu Mama alisema amechoka kukalisha wageni kitandani. Nyuma kuna kishamba chake cha sukuma na vitunguu. Mbele, ng'ambo ya kibarabara, kuna banda la jirani anayechomelea mageti na madirisha. Mimi nilikuwa nimepanga mjini Nakuru, na kazi yangu ilikuwa, na bado ni, kutengeneza mizani za elektroniki na vipima joto vya matangi ya kupozea maziwa. Nazunguka Njoro, Bahati, Dundori, Molo, popote ng'ombe walipo na mashine imegoma.

Mwaka huo mvua ilikataa kuacha. Watu wa kwetu wanaujua udongo huu. Ni majivu ya volkano za zamani. Juu unaonekana imara, lakini chini maji yanauchota polepole, na asubuhi moja unakuta ufa mahali ulipopitisha wilbaro jana. Ndivyo ilivyotokea katika shamba lililo nyuma ya letu. Ardhi ilifunguka katikati ya mahindi ya jirani, ufa ukakata njia ya ng'ombe na kuishia karibu na ua wetu. Watu walikuja kuutazama. Wengine walitupa mawe ndani ili wasikie yatagonga wapi. Wiki hiyo hiyo Mama, akipangusa ukuta wa sebule, aliona mstari mwembamba ukianzia kwenye kona ya dirisha na kushuka mpaka sakafuni.

"Ni plasta tu," Baba alisema. "Plasta ikikauka hupasuka."

"Plasta gani inayokauka miaka yote hii?" Mama akamuuliza.

Kaka yangu, anayeishi Nairobi, aliposikia alitaka wahame siku hiyo hiyo. Baba hakutaka kuambiwa. Alichukua jembe akachimba mtaro mfupi kwenye kona ya nyumba ili maji ya gata ya paa yasisimame karibu na msingi. Mama naye alianza kulala na viatu kando ya kitanda, na hati za ploti ndani ya mkoba. Nilipompigia simu alikuwa akinijibu vizuri, lakini kwa sauti ya mtu anayesikiliza kitu kingine nyuma yangu.

Mimi nilifanya nilichojua kufanya. Nilibeba sanduku la vifaa nikaenda kuuwekea ukuta kipimo.

Hakikuwa kitu cha ajabu. Redio kubwa za zamani zilikuwa na kitufe cha kuteleza cha kuongeza na kupunguza sauti. Nilichukua kifaa cha ukoo huo, ila hiki kilitengenezwa kwa kazi ya kupima, nikafunga upande mmoja kwa skrubu kushoto mwa ufa na upande wa pili kulia. Ufa ukipanuka hata kwa unene wa ukucha, kifaa kinateleza na volti inayopita ndani yake inabadilika. Volti hiyo inafuata waya mpaka kwenye bodi ndogo yenye chipu ya kuigeuza kuwa nambari, na bodi inazituma nambari kwenye simu yangu. Chipu hiyo ni ndugu wa zile zilizo ndani ya mizani zangu. Uzito wa maziwa, joto la tangi, upana wa ufa, vyote vinaingia humo vikiwa volti na kutoka vikiwa nambari.

Bodi niliiweka jikoni. Soketi iliyokuwa karibu ilikuwa huko, na tena Mama hakutaka nyaya zining'inie mbele ya wageni. Kwa hivyo niliburuta waya mrefu kutoka sebuleni, nikaupitisha juu ya mlango. Bodi yenyewe niliifungia kwenye kisanduku cha chuma, na kisanduku nikakiunganisha na waya wa ardhini wa soketi. Waya huo unatoka kwenye soketi zote za nyumba, unashuka ukutani nje, na kuishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa kwenye udongo. Kazi yake ni kulinda watu, ili stima, yaani umeme, ikivuja iende ardhini badala ya kupitia mwili wa mtu. Kwa sisi wa vipimo una kazi ya pili, kuondoa kelele. Kelele ni umeme mdogo uliopotea njia, unaojipenyeza kwenye volti zako na kuzichafua nambari. Sikio haliisikii, lakini tunaiita hivyo.

Kabla sijaondoka nilibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa, upande huu na upande ule, kwa gundi ngumu. Ni mbinu ya wajenzi wa zamani. Ukuta ukisogea, kioo kinavunjika.

Siku za kwanza nambari zilitulia. Mchana ziliruka hapa na pale, usiku zikanyooka, nami nikaona ni kawaida. Kisha mvua ikazidi tena, na Baba akachimba mtaro wa pili, mrefu na wenye kina kuliko wa kwanza. Mama aliniambia kwa simu kwamba sasa kuingia jikoni kutoka nje ni lazima uruke kama mbuzi.

Nilikuwa Dundori, mikono yangu imo ndani ya mizani ya chama cha wafugaji, simu ilipolia kwa mlio niliouweka kwa ajili ya hatari. Nilitazama. Ufa ulikuwa umefunguka karibu milimita tatu. Wakati nikitazama ulifunga, ukafunguka tena, ukapita pale pa kwanza. Nilichomoa mikono kwenye mizani. Nikampigia Mama.

"Mama, tokeni nje."

"Saa hii? Na hii chai iko kwa jiko?"

"Zima jiko, mtoke. Msibebe kitu."

Nikamsikia akimwita Baba, na Baba akijibu kutoka mbali kwamba amevua viatu. Mama alimwambia neno moja kwa Kikuyu ambalo sikuwahi kumsikia akimwambia mumewe. Halafu simu ikakatika.

Sikumbuki vizuri barabara ya kurudi. Nakumbuka nilipofika walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki ndani ya banda la jirani, kwa sababu manyunyu yalikuwa yameanza. Mama alikuwa na mkoba mapajani na macho mekundu. Baba alikuwa amekumbatia redio. Jirani alikuwa ameacha kazi, amewasogezea jiko lake la makaa.

"Wako poa, madam," aliniambia. "Nimewapa maji ya moto. Mzee ndio anakataa kuongea."

Nilitazama nyumba. Ilisimama tu, mabati yakitiririka maji. Na kwenye simu yangu ukuta wake ulikuwa ukifunguka na kufunga kama mdomo.

Niliwachukua kwangu mjini. Kaka yangu alikuja siku iliyofuata na pikapu ya rafiki yake, kubeba viti na vitanda kabla ya paa kuviangukia. Baba alikuwa amekunja magoti kwenye kochi langu dogo, hatazami televisheni wala dirisha. Mama alishukuru Mungu kwa sauti kila alipokumbuka, kisha akalia tena. Kaka yangu aliwaambia waziwazi kwamba huko hawarudi, atawatafutia nyumba Nairobi.

"Nairobi nifanye nini?" Baba akauliza. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kufungua mdomo. "Nikae ghorofa ya nne nikitazama nguo za watu zikikauka?"

Tulikwenda Lanet mimi na kaka yangu tu.

Tulikubaliana tuingie upesi na kutoka upesi. Yeye alianza na vitanda. Mimi nilipita sebuleni kuchukua pazia za Mama, na nilipofika dirishani nikakiona kile kioo. Nilikuwa nimekisahau kabisa. Nilidhani nitaona vipande sakafuni. Lakini kilikuwa pale pale nilipokibandika, kizima, hakina hata unywele wa ufa. Nikakigusa. Nikasukuma gundi kwa kidole upande huu na upande ule. Imeshika.

"Toka hapo!" kaka yangu aliniita kutoka mlangoni.

"Njoo uone."

"Sis, toka!"

"Kioo hakijavunjika," nikamwambia. "Ukuta ungefunguka milimita tatu kioo hiki kingekuwa unga. Nambari zinadanganya."

Alikuja akasimama nyuma yangu akiwa na godoro kichwani. Alitazama kioo muda mrefu.

"Au kioo ndicho kinadanganya," alisema. "Unaweza kumlaza Mama humu leo?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini alikuwa ameuliza swali la haki.

"Leo hapana," nikamjibu. "Nipe muda."

Akaondoka na pikapu iliyojaa. Friji tu ndiyo aliyoiacha, kwa sababu ilitaka watu wanne. Mimi nikabaki na sanduku langu katika sebule tupu iliyokuwa ikirudisha mwangwi wa kikohozi changu.

Katika kazi yangu, nambari ikikuletea habari, njema au mbaya, lazima kwanza uulize imetoka wapi. Nilikifungua kile kifaa cha kuteleza kutoka kwenye waya. Mahali pake nikafunga rezista mbili za kawaida, vidude vidogo kama punje za mtama vyenye mikia miwili. Rezista hizo hazijui ukuta. Hazisogei, hazina habari ya ufa wala mvua. Volti yake inapaswa kusimama tuli mpaka mwisho wa dunia.

Nambari ziliendelea kucheza vile vile. Zikaruka milimita tatu, zikarudi, zikaruka.

Nilicheka kwa sauti peke yangu humo ndani. Ufa wangu wa milimita tatu ulikuwa kwenye waya, kwenye bodi, kwenye stima, popote pale, ila haukuwa ukutani. Nilimtumia kaka yangu ujumbe, akajibu kwa kidole gumba kimoja. Alikuwa bado hajaamini, na nilipotulia niliona ana haki. Kelele haikuthibitisha kwamba ukuta umetulia. Ilithibitisha tu kwamba nilikuwa sijausikia. Chini ya ruka-ruka hizo ukuta ungeweza kuwa unasogea kweli, nusu milimita kwa nusu milimita, nami nisijue. Ilibidi nipate kimya kwanza.

Nikazima swichi kuu ya nyumba na kuiwasha bodi kwa betri. Mara moja nambari zikaanguka na kutulia, isipokuwa jambo moja. Kila baada ya muda ziliruka kwa kishindo, kundi zima kwa pamoja, kisha kimya. Nilikaa sakafuni na kompyuta mapajani nikizitazama. Nilikuwa nazitazama tu, sisikilizi, mpaka niliposikia kutoka nje ule mlio wa kukaanga wa chuma kinachochomelewa, na kwenye kioo cha kompyuta nambari zikaruka. Mlio ukakatika. Nambari zikatulia.

Nilivuka kibarabara nikiwa nimebeba kompyuta wazi.

"Boss, nisaidie kitu. Choma kidogo, halafu nikikuambia uache."

"Nichome nini?"

"Chochote."

Aliitazama kompyuta, akanitazama mimi. Akavua kinyago chake cha kuchomelea. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Madam, usiniambie ni mimi nimepasua nyumba ya mzee. Juzi nimeona mathe akilia hapa, nikajiuliza kama ni hii nyundo yangu. Sijalala vizuri."

"Hujapasua kitu," nikamwambia. "Nadhani umekuwa ukiandika kwenye simu yangu tu."

Alichukua vipande viwili vya chuma cha kutupwa, akachoma. Nikasema acha, akaacha. Choma. Acha. Kila alipochoma nambari ziliruka, kila alipoacha zililala. Baada ya mara kadhaa alitaka kuona mwenyewe, basi fimbo ya kuchomelea akampa mteja wake aliyekuwa akingoja geti, akaja kusimama karibu nami.

"Yaani moto wangu unafika mpaka jikoni kwa mathe bila waya?"

"Waya upo. Ni ule mrefu nilioburuta juu ya mlango. Umekuwa aerial. Unadaka kila cheche yako na kuipeleka kwenye chipu yangu kama habari ya ukuta."

Alipiga makofi mara moja, akashusha pumzi, akasema hajawahi kufurahi namna hiyo kuambiwa anasumbua watu.

Dawa ya hilo haikuwa ngumu. Niliitoa bodi jikoni nikaifunga sebuleni, shubiri moja kutoka kwenye ufa, Mama atanisamehe. Ule waya mrefu nikautupa. Kipande kifupi kilichobaki nikakifanya kwa waya wa aerial ya televisheni, ambao ndani una uzi wa shaba na juu yake wavu wa chuma unaouzunguka kama soksi. Wavu nikaufunga upande mmoja tu, wa bodi, kwa sababu ukiufunga pande zote mbili nao unaanza kuleta kelele zake. Mdomoni mwa chipu nikaweka kapasita ndogo ya kumeza mirusho ya ghafla. Kisha nikaenda mlangoni nikampungia mkono jirani. Alichoma geti zima. Nambari hazikutikisika.

Nikawasha stima tena, nikakichomeka kisanduku kwenye soketi ya jikoni kwa ekstensheni, nikitarajia kwamba nimemaliza. Nambari zikaanza kutetemeka. Safari hii hazikuruka kwa vishindo. Ulikuwa mtetemo mzito unaokuja na kukaa, halafu unaondoka. Nilizima taa. Nikachomoa chaja. Hakuna mabadiliko. Nikakumbuka friji. Nilipoingia jikoni motor yake ilikuwa ikinguruma, na iliponyamaza, mtetemo ukanyamaza pia.

Lakini friji na kipimo changu havikuwa na undugu wowote, isipokuwa ule waya wa ardhini. Nilipigilia msumari kwenye udongo wenye unyevu nje ya mlango wa jikoni, nikaweka ncha moja ya mita ya kupimia volti kwenye msumari, na nyingine nikaiunga kwa waya mpaka kwenye kisanduku changu cha chuma. Palipaswa kusoma karibu sufuri. Niliposoma mita nilirudi nyuma hatua, nikaenda kuzima swichi kuu kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

Friji ilikuwa ikivuja stima. Stima hiyo ilipaswa kushuka kwenye waya wa ardhini na kuishia kwenye udongo, lakini haikuwa ikifika. Ilikuwa imekwama kwenye nyaya, imeenea kwenye chuma chote kilichoungwa nazo, pamoja na kisanduku nilichokiweka kwa ajili ya kinga. Kinga yangu ndiyo iliyokuwa ikibeba kelele na kuimwaga ndani ya bodi.

Nilizunguka nje nikiufuata waya ule wa kijani na manjano unavyoshuka ukutani. Ulifika kwenye kona, ukaingia kwenye mtaro wa pili wa Baba, na hapo ukaishia. Umekatwa safi, kwa jembe. Ncha yake ilikuwa bado inang'aa.

Nikampigia Mama.

"Mama, friji ilikuwa inakupiga?"

"Si kupiga. Kunidunga dunga tu, nikiishika na mkono wenye maji. Nilianza kuvaa slipas."

"Tangu lini?"

"Tangu baba yako achimbe huo mtaro wa pili. Nilidhani ni baridi ya mvua."

"Na kwa nini hukusema?"

"Nyumba inaanguka, mwanangu, nianze kulalamika juu ya friji?"

Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni. Mvua ilikuwa imekatika na kuku wa jirani walikuwa wakiparua kwenye sukuma za Mama, nami sikuwafukuza. Tulikuwa tumekodolea macho ukuta, sisi sote, wakati kitu cha kweli cha kumuua Mama kilikuwa kimesimama jikoni kikihifadhi maziwa. Siku yoyote, na slipas zilizolowa, ingetosha. Na kilichomtoa humo ni nambari za uongo. Niliomba, jambo ambalo silifanyi mara nyingi katikati ya kazi.

Fundi wa stima mwenye leseni alikuja, akapigilia fimbo mpya mbali na mitaro, akaunga waya ndani ya bomba, akaweka na swichi inayojikata yenyewe stima ikivuja. Friji ikapelekwa kutengenezwa, nami nikazitoa zile rezista na kukirudisha kifaa cha kuteleza kwenye waya. Baba alikuja nami kuona. Alichuchumaa kwenye mtaro wake akaushika ule waya uliokatwa.

"Hii ni mimi?"

"Ni jembe, Baba."

"Nilikuwa nawalinda," alisema.

Nilimwambia yamepita, na kwamba Mama yuko kwangu anapika githeri na kuulalamikia ukubwa wa sufuria zangu. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakuinuka haraka.

Kilichomwinua ni mhandisi wa majengo tuliyemwita wiki hiyo. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye buti za mpira na maneno machache. Alichimba kwenye kona ya msingi, akatia chuma, akatia mkono, akazunguka mpaka kwenye ule ufa mkubwa wa shambani na kuufuata hadi ulikotokea. Aliporudi alisema ule wa shambani unaelekea bondeni, si kwetu, ingawa tuuangalie kila msimu wa mvua. Ule wa sebuleni ulitokana na maji ya gata yaliyolainisha kona moja, ikakaa chini kidogo. Kona imwagiwe zege, gata itengenezwe. Kisha akauliza nani alichimba mtaro.

Baba akasema ni yeye.

"Ulifanya vizuri. Udongo umeshaanza kukauka."

Baba alinigeukia. "Umesikia?"

Nilisikia. Na kila mtu aliyekuja kumsalimia mwezi huo alisikia pia.

Kaka yangu ndiye aliyebaki hajaamini. Alikuja Lanet Jumamosi moja, akaitazama simu yangu, akaona nambari zimelala.

"Zimetulia sana," alisema. "Nitajuaje kwamba hazijafa?"

Lilikuwa swali zuri, hata mimi nilikuwa nimejiuliza. Kimya nacho kinaweza kuwa uongo. Niliregeza skrubu ya upande mmoja, nikachukua bamba jembamba la chuma ambalo unene wake naujua, nikalipenyeza ili kukisukuma kile kifaa. Nambari zilipanda kwa unene ule ule. Nikalichomoa, zikarudi. Alirudia mwenyewe, kwa mkono wake, akiwa na uso wa mtoto anayejaribu swichi ya taa. Kisha akanikumbatia, na tangu tukiwa wadogo hatukuwa watu wa kukumbatiana.

Tulingoja zege ikauke na mvua nyingine kubwa ipite. Nambari za ukuta hazikuonyesha kitu isipokuwa mshuko mdogo wa mchana jua likipiga upande ule, na mwinuko mdogo jioni. Mama nilimwonyesha mstari wa nambari hizo kwenye simu, tukiwa jikoni kwangu.

"Hii inashuka ni nini?"

"Jua. Mawe yakipata joto yananenepa kidogo, ufa unabana."

"Na hapa?"

"Yamepoa."

Aliutazama akaufuata kwa kidole mpaka mwisho. "Basi twende nyumbani," alisema.

Siku ya kurudi kulikuwa na kelele za kila aina. Baba alisimama uani akielekeza pikapu kana kwamba ni trela. Jirani alikuja na watu wake kubeba kabati, na walipofika sebuleni Mama alikataa lirudi mahali pa zamani, wakalizungusha mara tatu. Kaka yangu aliumia kidole. Mtu alikanyaga vitunguu. Nilitaka kukaa nile nao, lakini simu ikaita kutoka Bahati, tangi la maziwa limekataa kupoa, na maziwa hayangoji mtu.

Niliondoka mchana huo peke yangu. Jua lilikuwa kali baada ya mvua na barabara ikitoa mvuke. Sikujua kwamba naimba mpaka polisi waliposimamisha gari langu, kioo cha dirisha kikiwa wazi. Nilikuwa naimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, kwa nguvu zote. Afisa kijana alichukua leseni yangu, akaigeuza, akanichungulia.

"Madam, uko sawa?"

"Niko sawa sana. Wazazi wangu wamerudi nyumbani."

"Walikuwa wameenda wapi?"

"Kwangu."

Alicheka mpaka mwenzake akageuka. Akanirudishia leseni.

"Basi endelea kuimba," alisema, akanipungia nipite.